Sumu Iliyomo Nyumbani

Mama akifagia uwanja hukusanya majani, maganda ya muhogo na majivu, akayatupa shimoni. Mvua ikinyesha, taka hizo huoza zikawa mbolea, na migomba hustawi mahali hapo. Hizo si taka mbaya. Lakini ziko taka za namna nyingine. Hizo haziozi, na ndani yake mna sumu.

Ni taka gani? Ni betri za tochi na za redio zilizokwisha nguvu, betri kubwa za pikipiki, chupa za dawa ya wadudu na ya panya, mafuta machafu ya injini, sindano, na zebaki. Nyumba nyingi za Baraka na za Fizi zinavyo vitu hivyo, navyo huwekwa po pote, juu ya kabati au chini ya kitanda.

Kwanza zebaki. Zebaki ni madini kama chuma na shaba, lakini yenyewe ni majimaji. Hung'aa kama fedha, na ikimwagika mezani hukatika vitone vinavyokimbia huko na huko. Ni nzito ajabu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, lita moja ya zebaki ina zaidi ya kilo 13. Watoto hupenda kuichezea.

Zebaki hufikaje nyumbani? Huletwa kwa ajili ya dhahabu. Katika machimbo ya nchi ya Fizi, kama yale ya Misisi, wako wachimbaji wanaochanganya mchanga na zebaki. Zebaki hushika chembe za dhahabu, zikawa donge moja jeupe. Kisha donge huwekwa motoni: zebaki hutoka kama mvuke, dhahabu hubaki. Wengine hufanya kazi hiyo jikoni, katika kikaango kile kile cha kupikia samaki, na mtoto yuko mgongoni mwa mama. Mvuke ule hauna rangi wala harufu, basi watu hudhani haudhuru. Kumbe umeingia mapafuni, na kutoka hapo umekwenda katika damu na katika ubongo. Baada ya siku nyingi mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau maneno. Jirani husema amerogwa. Mtoto aliye tumboni aweza kuumia hata mama yake asipoona ugonjwa wo wote. Na kikaango kile hakifai tena kwa chakula, hata kikisuguliwa kwa mchanga.

Watu wa mji wa Minamata, katika nchi ya Japani, walijifunza jambo hilo kwa machozi. Walikuwa wavuvi kama watu wa Baraka. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kuanguka. Halafu watu. Mwaka 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano alipelekwa hospitali, hawezi kutembea vizuri wala kusema vema, wengine wakafuata. Hata hivyo kiwanda kiliendelea kumwaga zebaki hata mwaka 1968. Mwaka 2013 mataifa mengi yalifanya mapatano ya kupunguza zebaki duniani, nayo yaliitwa kwa jina la Minamata.

Ziwa Tanganyika laweza kuumia vivyo hivyo. Kina chake ni meta 1,470, na duniani ni ziwa Baikal tu linalolipita kwa kina. Lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga huko Kalemie. Kwa hiyo uchafu unaoshuka na mito kutoka milimani hukaa humo siku nyingi sana. Zebaki ikifika matopeni, vidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Ndagala huipata katika chakula chake, mukeke hula ndagala, sangala hula mukeke, na mtu hula wote. Kila mlaji hupokea sumu ya aliyeliwa. Amri ya tano haisemi juu ya panga na mkuki tu.

Basi zebaki isitupwe mtoni, wala chooni, wala motoni. Ikimwagika nyumbani, watoto watoke nje na madirisha yafunguliwe. Mtu mzima avue pete ya dhahabu, asukume vitone kwa karatasi ngumu. Asitumie ufagio, maana ufagio huvikata vitone na kuvitawanya. Avitie katika chupa nene pamoja na karatasi ile, aongeze maji kidogo juu yake, akaze kifuniko. Halafu aulize katika kituo cha afya mahali pa kuipeleka. Kuitunza hivyo si kuimaliza, lakini sumu iliyofungwa ni afadhali kuliko sumu iliyotawanyika.

Hatari nyingine hutoka katika chupa ya limonadi. Baba hutia mafuta ya taa humo, au petroli, akaiacha chini. Mtoto mwenye kiu huona chupa anayoijua, akanywa. Hapo watu hukimbilia kumnywesha mawese ili atapike. Wasifanye hivyo! Akitapika, mafuta yaweza kuingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Apelekwe mbio kwa mganga, na chupa ile ichukuliwe pia, mganga aione.

Na betri? Katika shule nyingi wanafunzi huvunja betri za tochi, wakasaga unga mweusi na majani ya muhogo, wakapaka ubao. Unga ule una manganizi, na vumbi lake likivutwa siku nyingi huharibu ubongo. Makaa yaliyosagwa na majani yale yale hutosha. Betri zisivunjwe, zisitupwe motoni, maana hupasuka. Ziwekwe pakavu katika mkebe wenye kifuniko. Betri ya pikipiki ina risasi na tindikali. Huko Thiaroye, katika nchi ya Senegali, watu waliyeyusha na kuchekecha risasi ya betri kuukuu karibu na nyumba zao, na watoto 18 walikufa mwaka 2007 na 2008.

Chupa ya dawa ya wadudu isioshwe ziwani wala kutiwa maji ya kunywa. Baada ya kuitumia, isukutuliwe mara tatu, maji yale yamwagwe katika bomba la kunyunyizia pale pale shambani, kisha itobolewe ili asiwepo mtu wa kuitumia tena.

Maulizo
1. Kwa nini zebaki isifagiliwe kwa ufagio?
2. Mtoto amekunywa mafuta ya taa. Ni nini kisichofaa kufanywa?
3. Sumu ya matopeni humfikiaje mtu?
4. Ukifika nyumbani, tafuta pamoja na mama vitu vya sumu vilivyo chini ya vitanda. Usivishike. Andika majina yake.