MTOTO ANAKOHOA: JE, APEWE ANTIBIOTIKI?



Umetoka zamu ya usiku, umechoka. Unafika nyumbani, unakuta mtoto wa miezi 8 anakohoa, pua inatiririka, mwili una joto. Mama yake hakulala. Jirani amekwisha kutoa shauri: «Nunueni kapsuli ya rangi mbili kule sokoni, mufungue, mumupe nusu katika kijiko cha maji. Wangu alipona hivyo.» Utafanya nini?

Swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi za Bunia, Mongbwalu na vijiji vya jirani. Tulijibu pamoja.

Antibiotiki inatibu nini?

Vijidudu vinavyoleta magonjwa si vya aina moja. Kuna bakteria, kuna virusi, na kuna vijidudu vya malaria. Antibiotiki inapigana na bakteria. Lakini mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na virusi havisikii antibiotiki hata kidogo. Malaria nayo ina dawa zake. Kwa hiyo, hapa Ituri, mtoto mwenye homa apimwe damu kwanza.

Mbona mtoto wa jirani alipona? Kwa sababu mafua huisha yenyewe baada ya siku chache, umpe kapsuli au usimpe.

Hesabu pumzi zake

Usituelewe vibaya. Hatusemi kwamba antibiotiki ni dawa mbaya. Nimonia inayoletwa na bakteria inaua watoto, na antibiotiki ndiyo inayowaokoa. Hata tauni, ambayo imejulikana kwa miaka mingi upande wa Rethy, hutibiwa kwa antibiotiki ikiwahiwa mapema.

Basi utajuaje mafua na nimonia? Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linafundisha njia ambayo baba au mama yeyote mwenye saa anaweza kuifuata. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo yake, tazama kifua au tumbo linavyopanda, uhesabu kwa dakika 1 nzima. Pumzi ni za haraka mno zikifika:

— 60 au zaidi, kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 (hesabu mara ya pili kuhakikisha);
— 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
— 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Ukipata hesabu hiyo, usiende sokoni. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku ileile. Mganga akiona ni nimonia, ataandika dawa, mara nyingi amoxisilini, kwa kufuata uzito wa mtoto.

Usingoje kupambazuke

Mpeleke hospitali mara moja, hata usiku, kama:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu.
3. Ameshikwa na degedege.
4. Amelegea, au haamki vizuri.
5. Kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi.
6. Hajatimiza miezi 2 na ana homa, au mwili wake umekuwa baridi.

Shika sana hiyo ya sita. Mtoto mchanga anaweza kuwa na bakteria ndani ya damu bila hata kukohoa. Huyo anahitaji sindano za antibiotiki upesi, na kila saa inayopotea ni hatari.

Na akiharisha?

Mara nyingi kuharisha hakuhitaji antibiotiki. Kinachomuua mtoto ni kupotewa na maji. Mpe maji ya SRO, uyachanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aendelee kunyonya. Kituo cha afya kitampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Lakini ukiona damu katika choo chake, mpeleke kwa mganga. Hapo antibiotiki huenda ikahitajika.

Hatari ya kapsuli ya sokoni

Kapsuli ile ilitengenezwa kwa mtu mzima. Anayeiuza hakumpima mtoto wako uzito. Tetrasiklini inaweza kuyaharibu meno ya mtoto kwa maisha yake yote. Kloramfenikoli inaweza kumuua mtoto mchanga, na waganga wamelijua jambo hilo tangu mwaka 1959.

Tena kuna hatari ya pili. Nusu kapsuli leo, nusu kesho, halafu basi: bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hilo mwaka 1945. Na mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba hapa Kongo imepatikana aina ya salmonela inayoingia katika damu na kushinda karibu dawa zote za kawaida. Siku mtoto atakapoihitaji dawa kweli, dawa itakuwa haina nguvu.

Wewe unayefanya kazi mgodini unaijua baruti. Inavunja mwamba uliomshinda sururu. Lakini haiwekwi na kila mtu, wala haipimwi kwa kukisia. Antibiotiki ni vivyo hivyo.

Tukumbuke

— Mafua bila pumzi za haraka wala dalili za hatari: mnyonyeshe mara nyingi, safisha pua yake, mwangalie usiku na mchana.
— Usitumie dawa iliyobaki ya mtoto mwingine.
— Mganga akiandika antibiotiki, mpe mtoto kwa siku zote zilizoandikwa, hata akionekana amepona siku ya pili.
— Mganga akisema haihitajiki, usikasirike. Muulize: «Nikiona nini nimrudishe?»

Baba, leo mtoto akiwa amelala, chukua saa yako ujizoeze kuhesabu pumzi zake. Usingoje kujifunza siku atakapokuwa mgonjwa.