Pima Mikono Yote Miwili: Ugonjwa wa Takayasu na Tiba Yake

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 26, mfanyabiashara wa Tunduma. Kwa miezi kadhaa amekuwa na homa za mara kwa mara, uchovu na kupungua uzito. Sasa mkono wake wa kushoto huchoka upesi abebapo mzigo. Amepimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Shinikizo la damu katika mkono huo ni 90/60, naye ameambiwa kuwa limeshuka. Mkono wa kulia haukupimwa. Ungepimwa, ungeonesha 170/100.

Hivyo ndivyo ugonjwa wa Takayasu unavyojificha. Umeitwa kwa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Kinga ya mwili hushambulia kuta za aota na matawi yake makubwa; kuta huvimba, huwa nene, na njia ya damu husinyaa. Huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40. Mshipa wa mkono ukisinyaa, mpigo hufifia na kipimo huonesha namba ndogo. Mshipa wa figo ukisinyaa, shinikizo hupanda. Likiachwa bila tiba, huweza kuleta kiharusi au kuudhoofisha moyo.

Mhudumu wa afya alinganishe mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya milimita 10 za zebaki irudiwe kupimwa. Ikiendelea kwa kijana mwenye dalili hizi, au mpigo ukikosekana, apewe rufaa akapigwe picha ya mishipa. Mikono yote ikiwa dhaifu, pima mguuni.

Tiba ina hatua mbili. Kwanza, uvimbe hutulizwa kwa prednisoloni, pamoja na methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki, au azathioprini. Pili, palipo na ulazima, mshipa hutanuliwa kwa puto au damu hupitishwa kando kwa upasuaji. Isipokuwa kwa dharura, hatua hii husubiri uvimbe utulie, kwani mshipa uliovimba husinyaa tena kwa urahisi.

Nawe mgonjwa, usiache prednisoloni ghafla hata ukijisikia nafuu. Kufanya hivyo ni hatari. Methotreksati hudhuru mimba, hivyo zungumza na daktari kabla ya kushika ujauzito. Na kila uendapo kliniki, taja mkono unaotoa kipimo sahihi.