Somo kwa Bodi za Vyama: Rangi ya Unga au Rangi ya Majimaji kwa Rimu za Aloi?

Nyumba njema si mlango. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila bodi inapoletewa ombi la kupaka upya rimu za gari la chama. Magari mengi yanayonunuliwa na vyama yametumika kwanza Japani, nayo mara nyingi hufika yakiwa na rimu za aloi badala ya rimu za chuma. Baada ya miaka michache ya changarawe na matope, na kwa vyama vya mwambao hewa ya chumvi pia, rimu hizo huchubuka na kutoa unga mweupe. Hapo fundi mmoja hupendekeza rangi ya unga, mwingine hupendekeza rangi ya majimaji, na bodi hutakiwa kuamua kwa fedha za wanachama. Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha wajumbe kujua wanachokinunua kabla ya kutia sahihi.

1. Tabia ya aloi

Rimu nyingi za aloi humiminwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, kiasi cha asilimia 7, pamoja na magnesi kidogo. Baada ya kumiminwa hupashwa moto wa nyuzi 540 hivi za Selsiasi, huzamishwa majini, kisha hupashwa tena kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 150 hadi 170. Nguvu ya rimu hutokana na mapishi hayo. Kwa hiyo rimu ya aloi si sufuria ya kuweka motoni ovyo.

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Lakini rangi ikipasuka, maji ya chumvi hupenya na kutambaa chini yake kama uzi, yakiibandua kidogo kidogo. Kazi ya rangi, basi, si urembo tu bali pia ni kinga.

2. Rangi mbili na tofauti zake

Rangi ya unga haina maji wala tina. Unga mkavu hutiwa umeme na kupulizwa juu ya rimu iliyounganishwa na ardhi, nao hunata kwa nguvu ya umeme huo. Kisha rimu huingizwa katika tanuri, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200, kwa muda wa dakika 10 hadi 20, mpaka unga uyeyuke na kushikamana kuwa ngozi moja. Ngozi hiyo huwa na unene wa mikroni 60 hadi 100, yaani unaokaribia ule wa unywele mmoja. Huvumilia mawe na michubuko vizuri. Upungufu wake ni kwamba ikichubuka sana haizibwi kipande. Aghalabu hubidi ibanduliwe yote na kazi ianze upya.

Rangi ya majimaji hupulizwa kwa kompresa, tabaka juu ya tabaka: praima, rangi yenyewe, na vanishi ya juu. Hukauka kwa hewa au kwa joto dogo, hivyo haihitaji tanuri kubwa, na fundi rangi wa mji mdogo aweza kuifanya. Kipande kilichoharibika huweza kusuguliwa kwa msasa na kupakwa peke yake. Upungufu wake ni kwamba, kwa kawaida, huchubuka upesi zaidi kwa mawe. Tena dawa ya kugandisha inayochanganywa na baadhi ya rangi hizo ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zaweza kumletea pumu ya kudumu anayezivuta. Kitambaa puani hakitoshi. Mpulizaji ahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.

3. Ukaguzi hutangulia rangi

Kabla ya kuuliza bei, rimu itolewe, ivuliwe tairi na ioshwe. Ikaguliwe mbele na nyuma, hasa kwenye mikono yake, kandokando ya matundu ya nati, na ukingo wa ndani ambao hauonekani gari likiwa limesimama. Rimu inayopoteza upepo bila tairi kutoboka ishukiwe kuwa na ufa. Rimu yenye ufa isipakwe rangi ya aina yoyote, bali iondolewe barabarani. Rangi mpya juu ya ufa haitengenezi kitu; humficha adui machoni pa dereva, na gari hilo ndilo linalobeba wajumbe na mazao. Kwa sababu hiyo hiyo, chama kinaponunua gari lililotumika lenye rimu zilizopakwa karibuni, kitake rimu zikaguliwe kwa nyuma pia.

4. Maandalizi na joto

Rangi yoyote hushika kadiri uso ulivyoandaliwa. Rangi ya zamani na unga mweupe viondolewe vyote, mafuta yafutwe, na uso upewe dawa ya kushikisha rangi. Rangi ya zamani isiondolewe kwa miali ya moto, wala kwa soda kali ya kutengenezea sabuni, kwa maana soda hiyo hula alumini. Aloi iliyomiminwa yaweza pia kuwa na vitundu vyenye hewa. Fundi hodari wa rangi ya unga huipasha rimu kwanza ili hewa itoke, la sivyo ngozi hutokota vipele.

Joto la tanuri lipimwe kwenye rimu yenyewe. Dakika chache za nyuzi 200 si tatizo kubwa, lakini joto likizidi, au likirudiwa mara nyingi, hudhoofisha aloi. Fundi asiye na kipimajoto asipewe kazi hiyo.

Jambo la mwisho ni matundu ya nati na sehemu inayokaa juu ya habu. Sehemu hizo zizibwe wakati wa kupaka. Ngozi nene ya rangi ikibaki chini ya nati hubonyea safarini, nati hulegea, na gurudumu laweza kuchomoka. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

5. Hesabu

Tarakimu hizi ni za kufundishia, si bei za soko. Chukulia kwamba rangi ya majimaji kwa rimu 4 ni Sh. 200,000 na hudumu miaka 2. Rangi ya unga ni Sh. 480,000 na hudumu miaka 6. Kuvua na kurudisha tairi ni Sh. 40,000 kila mara. Tanuri liko mjini, na usafiri ni Sh. 120,000.

Kwa miaka 6, majimaji hupakwa mara 3: 240,000 × 3 = Sh. 720,000.
Unga hupakwa mara 1: 480,000 + 40,000 + 120,000 = Sh. 640,000.

Unga unaokoa Sh. 80,000. Lakini gari likitarajiwa kuuzwa baada ya miaka 2, majimaji ni Sh. 240,000 dhidi ya Sh. 640,000. Na rimu moja ikigonga jiwe na kuhitaji safari nyingine ya mjini, akiba ile yaweza kwisha yote.

6. Uamuzi

Rangi ya unga yafaa pale ambapo rimu zote ni nzima, gari litatumika miaka mingi, na fundi ana tanuri lenye kipimo. Rangi ya majimaji yafaa pale ambapo uharibifu ni wa sehemu tu, tanuri liko mbali, au gari linakaribia kuuzwa. Pasipo maandalizi mema, zote mbili ni hasara. Bodi ipate bei za mafundi wasiopungua watatu, iandike katika mapatano namna rimu zitakavyoandaliwa, joto litakalotumika na sehemu zitakazozibwa, na iweke taarifa ya ukaguzi wa nyufa katika kumbukumbu za kikao.

Maswali ya majadiliano

1. Nani katika chama chenu hukagua rimu, na taarifa yake huandikwa wapi?
2. Rudieni hesabu ya hapo juu kwa bei za mafundi wa kwenu. Je, jibu linabadilika?
3. Fundi akisema ufa mdogo "utazibwa na rangi", bodi imjibu nini?