Kuvuka Ruvuma kwa Gari Pamoja na Mbwa: Mambo ya Kupanga Mapema

Mume na mke wenye gari la kulala ndani, jiko dogo na mbwa wao kwenye kiti cha nyuma wanaweza kufurahia sana barabara ya kusini, kutoka Dar es Salaam kupitia Lindi hadi Masasi. Ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, masharti hubadilika. Watu wazima huweza kujitetea kwa maneno na pasipoti. Mbwa hana kitu isipokuwa maandalizi mliyomfanyia. Kwa hiyo mpangieni yeye kwanza, kisha gari, kisha nyinyi wenyewe.

Chagueni njia kwa usalama

Pundanhar ni makao ya tarafa katika wilaya ya Palma, bara kidogo kutoka pwani, kwenye barabara inayoelekea Nangade. Kwenye ramani inaonekana kama njia nzuri ya kuzunguka. Msiiweke kwenye ratiba ya matembezi. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vimeenea wilaya nyingi za mkoa wa Cabo Delgado. Mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021, na vijiji vya Pundanhar na Nangade navyo vimeonja machungu hayo. Wenyeji wamekimbia mashamba yao mara kwa mara. Gari kubwa la wageni huvuta macho, na mbwa akibweka usiku hutangaza mlipolala.

Mwenye sababu ya lazima ya kwenda, kama msiba au kazi, aulize kwanza ubalozi wake na mamlaka za wilaya, asafiri mchana tu, na asilale kando ya barabara. Akifika kizuizi cha askari, apunguze mwendo mapema, ateremshe vioo, awashe taa ya ndani kama giza limeingia, na mbwa awe amefungwa kamba.

Kuna njia mbili kuu za gari kuvuka mto kuelekea Cabo Delgado. Kivuko cha Kilambo, karibu na Mtwara, kikiwa kinafanya kazi, hutegemea maji ya mto na kupwa na kujaa kwa bahari, hivyo gari zito laweza kukwama ng'ambo. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, linaunganisha Mtambaswala na Negomano tangu mwaka 2010, na kwa gari la kulala ndilo linalofaa. Lakini daraja imara halimaanishi kwamba barabara iliyo mbele yake ni salama siku hiyo.

Wakati wa kusafiri

Machi hadi Mei, huku mvua huwa hazijaisha. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019. Subirini Juni hadi Oktoba, barabara za udongo zinapokauka. Kwenye mchanga mwingi punguzeni upepo wa matairi, na mjaze tena mkifika barabara ngumu.

Hati za mbwa

Anzeni miezi miwili kabla. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa kinga, na mipaka mingi hudai iwe imepita angalau siku 30. Mwombeni daktari wa mifugo wa serikali cheti cha afya, ulizeni idara ya mifugo ya Msumbiji kuhusu kibali cha kumwingiza, na muulize pia kibali cha kumrudisha nyumbani. Hili la kurudi husahaulika sana. Bebeni nakala mbili za kila hati.

Kwa gari, hakikisheni bima inataja Msumbiji, mpate kibali cha muda cha kuingiza gari, na mbebe pembetatu mbili za tahadhari na fulana za kuakisi mwanga. Mafuta jazeni Masasi.

Afya njiani

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Msimwache wenu acheze na mbwa wa vijijini. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha awahi hospitali hata kama jeraha ni dogo.

Mbung'o hufuata gari linalotembea na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Ugonjwa wa nagana wanaouambukiza huua mbwa. Fungeni vioo porini, na homa, uso kuvimba au macho kuwa na ukungu iwe sababu ya kumwahi daktari. Mkagueni kupe kila jioni: ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Mkojo wenye rangi ya kahawia ni dalili ya hatari.

Msimwache mbwa peke yake garini. Nje kukiwa nyuzi 29, ndani ya gari lililofungwa joto hupita 45 kwa nusu saa, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.

Adabu kwa wenyeji

Pwani hii ina Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mleteeni bakuli lake, msimpeleke kisimani, na mfungeni mbali na mikeka ya kuswalia na jiko la mwenyeji. Salimuni, ombeni ruhusa ya kuegesha, semeni tangu mwanzo kwamba mna mbwa. Kiswahili kinaeleweka na wengi karibu na mpaka, na mtakayeongea naye hatashindwa kuwaonyesha pa kumfungia.

Kabla ya kuvuka

Mkiwa Mangaka, mji ulio njiani kutoka Masasi kwenda darajani, jiulizeni maswali matatu: Je, mamlaka zimesema leo barabara iko salama? Je, hati za mbwa za kwenda na kurudi ziko mkononi? Je, mnajua mtakapolala kabla ya jua kuzama? Jibu moja likikosekana, geuzeni gari mbaki upande huu. Lindi na Mikindani zina fukwe na historia ya kuwatosha, na mbwa wenu atarudi nyumbani akiwa mzima.