Babu Anakula kwa Mkono wa Kushoto: Jinsi ya Kuskani Negativu za Nyumbani

Wa kwanza kuona alikuwa shangazi. Picha hazijapoa kwenye kundi la familia la WhatsApp, tayari ameandika: "Huyo anayekula pilau kwa mkono wa kushoto ni nani?" Ilikuwa harusi ya wazazi wangu, Tanga, 1974, wanaume wameketi mkekani wamezunguka sinia. Anayekula kwa kushoto ni babu mzaa baba, marehemu, ambaye ukinyoosha mkono wa kushoto kupokea hata kiberiti alikuwa anakirudisha mfukoni. Nikaanza kuchunguza. Mashati ya wanaume wote yamefungwa vifungo kike. Saa ya baba iko mkono wa kulia. Picha nzima imegeuzwa.

Kabla hilo halijaisha, likazuka la pili. Kwenye picha nyingine kuna mwanamke amebeba sinia, ameipa kamera mgongo, amejifunga kanga. Shangazi akasema huyo ni yeye. Mama mkubwa, dada yake mama, akajibu kwa sauti, maana kuandika hapendi: "Wifi, mgongo wangu naujua." Maandishi ya kanga yangeweza kusaidia, lakini yalionekana kama doa la mafuta.

Picha zilikuwa zimetoka kwenye duka moja hapa Dar es Salaam lenye bango la kuhamishia picha za zamani kwenye flash. Mdogo wangu ndiye aliyezipeleka. Walitoza kwa picha moja moja, wakaweka negativu kichwa chini mgongo juu, wakarudisha vifaili vidogo ambavyo ukivikuza kidogo tu nyuso zinayeyuka. Nilipompigia kijana wa dukani akaniambia bila wasiwasi wowote, "Dada, picha za zamani ndivyo zilivyo."

Kuharibu kazi ningemsamehe. Sentensi ile simsamehei. Picha hizi zilipigwa kwa Yashica ile ya kutazamia kwa juu, kwenye filamu ya 120 ambayo kila picha ni mraba wa karibu sentimita sita. Eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu ya picha ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Picha kama hiyo ikitoka na ukungu, kwanza mshitaki mashine na anayeiendesha, marehemu mpiga picha muache alale.

Kwa hiyo kazi nimeifanya nyumbani. Nitaieleza kwa hatua nne, na zile ambazo zimeandikwa kila mahali nitazipita mbio.

Hatua ya kwanza ni kujua ulichonacho. Watu wengi wanadhani kopo la negativu ni albamu ileile kwa sura nyingine. Sivyo. Ukienda studio enzi zile ulikuwa unaondoka na picha iliyosafishwa, na negativu mara nyingi inabaki kwao, ili ukitaka nakala urudi ulipe tena. Ndiyo maana Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, ni hazina: pale hakukuuzwa picha tu, kulilimbikizwa kumbukumbu ya mji. Nyumbani kwetu picha za studio zipo ukutani na hazina negativu. Zenye negativu ni zile za ami mwenye kamera yake na za wapiga picha wa kuitwa nyumbani, na humo ndimo wamo watu ambao hawakujipanga: wapishi, watoto waliokimbia mbele ya lensi, mgongo wa mama mkubwa au wa shangazi.

Nusa kopo kabla hujagusa kitu. Harufu ya siki maana yake plastiki ya filamu, ile ya asetati, imeanza kuoza, na mvuke wake unaharakisha kuoza kwa jirani zake. Hizo zitenge na uzianze kwanza. Ukiona nyuzi nyuzi kama mizizi, hiyo ni kuvu, jambo la kawaida kwa sisi wa pwani. Usioshe kwa maji! Kuvu ikishakula ule utando wa dawa, utando unayeyuka ndani ya maji na picha inaondoka nayo. Pamba laini na spiriti ya isopropili kali, ile ya asilimia 98 kwenda juu, na uisugue kama unamfuta mtoto machozi.

Hatua ya pili ni mashine, na hapa nina maneno.

Mdogo wangu, kwa kutaka kufidia aibu ya duka, alininunulia Kariakoo kiboksi kinachoitwa skana ya filamu. Kimeandikwa megapikseli 22 kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Muuzaji alimwapia kwamba kinameza negativu ya aina yoyote. Kinameza mkanda wa 35 na slaidi, basi. Filamu ya 120 haiingii hata ukiisihi. Ndani ya viboksi vya namna hii hamna skana, mna kamera ndogo yenye lensi isiyosogea na kitaa nyuma yake, na namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi inapatikana kwa programu kuivuta picha iwe kubwa kuliko ilivyonaswa. Kwa kuchungulia haraka kujua mkanda una nini, kinafaa sana, na mimi nakitumia hivyo. Kwa kuhifadhi, hapana. Muuzaji alipoambiwa akasema bidhaa ikishafunguliwa hairudi, jambo ambalo lilikuwa limeandikwa ukutani nyuma ya kalenda.

Ninachotumia ni Epson V600, ya mkono wa pili. Ni skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, na ina kishikio cha filamu za 120. Kuhusu namba: usihangaike na nukta 6400 au 12800 kwa inchi. Skana bapa za bei hii hazioni kwa ukali huo. Unapata faili kubwa lenye ukungu uleule. Kwa 120 mimi naweka 2400, na picha ya mraba inatoka na pikseli zaidi ya 5000 kila upande. Hifadhi kwa TIFF ya biti 16, na JPEG tengeneza baadaye kwa ajili ya kundi. Zima kila kitu kinachojiita kunoa au kuboresha. Nimemaliza hatua ya pili.

Hatua ya tatu ni kimo, na kama una haraka soma hapa tu.

Skana bapa imetengenezwa kusoma karatasi iliyolala juu ya kioo. Filamu hailali kwenye kioo. Kishikio chake kinaibeba milimita chache juu. Kuna kimo kimoja ambapo picha inakuwa kali, na ukipanda au kushuka hata nusu milimita ukali unapotea. Kiwandani wanakadiria kimo hicho, wanatengeneza kishikio cha plastiki, wanakuuzia. Lakini mashine mbili za aina moja hazilingani, na kishikio cha V600 hakina pa kurekebishia. Aina ya bei mbaya, V850, wameiwekea marekebisho ya kimo, yaani shida wanaijua.

Kimo unakipata kwa kadi za laini. Ukinunua laini mpya unabandua kile kipande chenye chipu, na kadi kubwa ya plastiki inabaki inazurura mezani mpaka mtu aitupe. Usitupe. Kadi ya ukubwa wa kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76 kwa kipimo cha kimataifa, na kadi ya laini iliyokuja kamili ni ya kipimo hichohicho. Kwa hiyo una ngazi tayari nyumbani, kila kidato sawasawa. Kata vipande vidogo upana wa kidole, viwe vinne vinne, uviweke chini ya pembe za kishikio.

Chagua picha moja yenye maandishi, usichague uso. Uso unadanganya: uso laini unapendeza, unajiambia ni mwanga wa jioni. Herufi haina adabu hiyo, ama inasomeka ama haisomeki. Mimi nilichukua ile ya kanga. Bila kipande, doa la mafuta lilelile. Kipande kimoja kila pembe, doa likagawanyika kuwa vijidoa. Viwili, nikaanza kuona herufi. Nikabandika utepe wa karatasi kuongeza unene kidogo juu ya viwili, na hapo ikaja: …NJOO MWENYEJI AP…, zilizobaki zimemezwa na mkunjo. Vitatu, zikaanza kufifia tena. Basi kimo cha mashine yangu ni viwili na karatasi. Cha kwako kinaweza kuwa kimoja, au kinyume kabisa, kwamba kishikio kiko juu mno na kinahitaji kukwanguliwa chini kwa msasa. Ukishakipata, vigandishe vile vipande kwa gundi ya moto na usiviguse tena maisha.

Kuna adui mmoja zaidi hapa, naye ni mkunjo wa filamu yenyewe. Filamu iliyokaa miaka koponi inajikunja kuelekea upande wa dawa, ule usiong'aa. Ukiiweka kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, upande unaong'aa chini, katikati inabonyea na kimo ulichokihangaikia kinaharibika: pembeni pakali, katikati uji. Mimi naipindua. Upande wa dawa chini, filamu inafanya mgongo kuelekea juu, halafu naikandamiza kwa kipande cha kioo. Kioo cha kawaida kinakuletea madoa ya duara yenye rangi za upinde wa mvua, yale mafundi wanayaita pete za Newton, kwa sababu pande mbili nyororo zimegusana. Nenda kwa fundi fremu, muombe kioo kile kisichong'aa cha kuzuia mwako wa taa, chagua chenye ukwaru mdogo kabisa, akukatie saizi ya kishikio. Ukwaru utazame filamu. Fundi wangu aliniuliza fremu ya picha gani ndogo hivyo, nikamweleza, akanikatia bure kwa sharti nimuoneshe negativu zake mwenyewe, na sasa kopo lake liko kwangu.

Kwa kuwa umeipindua, picha itatoka imegeuzwa, na babu atakula kwa kushoto. Igeuze kwenye programu. Ni kubofya mara moja, kitu ambacho duka zima lilishindwa. Namna ya kuhakiki bila maandishi: kwenye ukingo wa filamu kuna jina la kampuni, Kodak au Ilford, na likisomeka sawa kwenye skrini basi na watu wako wako sawa.

Ile kanga nikaituma kundini jioni hiyohiyo. Shangazi akajibu kwa furaha isiyofichika: "Mgeni njoo mwenyeji apone! Doti hiyo nilinunua mimi, kwa pesa yangu, siku tatu kabla ya harusi." Akatuma na vikopa. Mjadala ukaonekana umefungwa. Mama mkubwa akaachia sauti fupi: "Na kipande cha pili cha doti ulimpa nani?"

Shangazi hakujibu mpaka kesho yake, akauliza habari za mvua. Mwenye mgongo bado hajajulikana. Kuna kambi mbili, na vijana wa familia walioko Muscat wako upande wa mama mkubwa kwa sababu huwatumia achari.

Hatua ya nne ni vumbi. Puliza kwa pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo, zima feni. Kile kitufe cha kufuta vumbi kwa miale ya infraredi kitumie kwa negativu za rangi tu. Za nyeusi na nyeupe zimejaa chembe za fedha, na fedha inazuia miale ile kama vumbi linavyoizuia, kwa hiyo mashine inawafuta watu ikidhani inafagia. Bibi harusi alitoka bila pua. Nakala weka sehemu mbili zisizo nyumba moja, na negativu zenyewe zirudishe kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki laini, pamoja na pakiti za kufyonza unyevu zinazokuja ndani ya viatu vipya.

Zimebaki slaidi za ami alizorudi nazo kutoka masomoni Ulaya. Ziko kwenye fremu za kadibodi, na kila aina ya fremu inakaa kwenye kimo chake, maana yake kadi nilizonazo hazitoshi. Majirani nimeshawaambia: anayesajili laini mpya, plastiki yake ailete kwangu, na ile ya nusu kadi pia napokea.