Toa Ratiba Kichwani, Ibandike Ukutani

Wasimamizi wengi wa ujenzi wa nyumba wana ratiba nzuri tu, ila wameibeba kichwani. Mwenye nyumba akipiga simu kuuliza bati linapigwa lini, anajibiwa "wiki ijayo, bosi." Kwa anayesimamia saiti mbili tatu kwa mpigo, hivi vidokezo vinaokoa muda.

1. Kiolezo bora cha ratiba ni kazi uliyokwisha kuimaliza. Vya kupakua mtandaoni vingi vimetungwa kwa nyumba za mbao za Marekani. Havijui habari za kujaza kifusi wala kumwaga jamvi. Chukua nyumba yako ya mwisho, orodhesha hatua zake: kusafisha kiwanja, kufunga kamba, kuchimba msingi, tofali za msingi, kifusi, jamvi, kuta, lenta, kenchi, bati. Kila hatua iandikie siku ilizokula kweli, si zile ulizomwahidi mteja. Kisha futa jina lake, hifadhi, na kazi mpya ikija unafungua nakala.

2. Kwenye kiolezo andika idadi ya siku, tarehe acha. Kama unatumia Excel, tarehe ya kuanza ikae kwenye kisanduku kimoja, nyingine zote zijihesabu kutoka hapo. Mteja akisogeza mwanzo kwa wiki mbili, unabadilisha namba moja.

3. Chora. Kazi ziandike kushoto, wiki ziende juu, na kila kazi ipate mstari wenye urefu wa muda wake. Ndiyo chati ya Gantt, yenye jina la mhandisi Mmarekani Henry Gantt aliyeivumisha miaka ya 1910, ingawa Karol Adamiecki wa Poland alikuwa amebuni ya namna hiyo mwaka 1896. Programu zipo, lakini karatasi ya manila na vikaratasi vya rangi vya kubandika vinatosha, tena vinahamishika. Rangi mpe fundi, usiipe hatua. Fundi umeme akiwa njano, na njano ikatokea wiki moja kwenye saiti mbili, umeliona tatizo kabla yeye hajazima simu.

4. Onyesha nini kinasubiri nini. Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Mabomba ya nyaya na ya maji yanayopita ukutani hutangulia plasta. Ukikosea mpangilio, plasta mpya inachongwa, na ugomvi wa nani alipe hauishi. Basi chora mshale kutoka kwa fundi umeme na fundi bomba kwenda kwa mpiga plasta.

   Kuna na kusubiri kusiko na fundi. Zege humwagiliwa maji kwa siku 7 hivi, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa ikifika siku 28. Siku hizo husahaulika kwa sababu saiti imetulia, hakuna anayedai posho. Zipe mstari wake wa nukta nukta. Madirisha ya alumini nayo yanataka mistari miwili, wa kuagiza na wa kufunga, na katikati yake muda wa karakana.

   Halafu pesa. Wengi wetu tunajenga kwa awamu, kwa hiyo weka alama nyekundu pale kazi isipoweza kuanza bila fedha kuingia. Mwenye nyumba akiiona mwenyewe, humkumbushi mara tatu.

5. Paka kivuli miezi ya mvua. Pwani ya kaskazini na mikoa ya kaskazini mwa Tanzania ni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mbeya mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, kwa hiyo kiolezo cha Dar usikihamishe kizima kizima. Kuchimba msingi kukiangukia kwenye kivuli, sogeza.

6. Jumamosi piga picha ya chati, tuma kwenye grupu la WhatsApp la saiti. Picha moja inatosha. Maelezo marefu hakuna anayesoma.

7. Kirekebishe kiolezo chenyewe. Jamvi ulilolipangia siku mbili likila nne kwenye kazi tatu mfululizo, usimlaumu fundi. Andika nne.