SOMO LA FAMILIA: WATOTO WALIOZALIWA UGENINI
Andiko: Mwanzo 41:45-52, 42:23-24, 48:1-7



Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa hapa miaka ile ya mwanzo leo ni wazazi. Ukiwauliza kwao ni wapi, wengi hujibu, "Nyarugusu," na mzee wa Fizi akisikia anaumia moyoni. Ugomvi huanzia kwenye neno dogo: baba anasema sombe, mtoto anasema kisamvu, baba anasema bugali, mtoto anasema ugali. Kisha linakuja neno kali: "Wewe si Mkongomani tena."

Tumtazame Yusufu. Aliuzwa Misri akiwa kijana wa miaka 17. Farao akampa jina la Kimisri na mke wa Kimisri, Asenathi. Ndugu zake walipokuja kununua nafaka hawakumtambua, naye alisema nao kwa mkalimani. Hata mzaliwa wake wa kwanza alimwita Manase, jina la kusahau, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Lakini angalieni sura ya 42. Ndugu zake walizungumza kwa lugha ya nyumbani wakidhani haelewi, naye akajitenga akalia. Aliyempa mwanawe jina la kusahau hakuwa amesahau kitu.

Basi tusipime moyo wa mtu kwa matamshi yake. Wako wazee ambao bado wanasema kama watu wa Baraka kabisa, lakini watoto wao hawajui hata jina la kijiji cha babu.

Sasa Yakobo. Manase na Efraimu walizaliwa Misri, na mama yao ni Mmisri. Babu hakuwatahini lugha. Kwanza alisimulia jinsi Mungu alivyomtokea kule Luzu, katika nchi ya Kanaani. Ndipo akawahesabu kuwa wanawe, sawa na Reubeni na Simeoni. Sisi tunageuza: tunadai mtoto awe wa kwetu, na habari za kwetu hatumpi.

Najua sababu. Habari za 1996 na 1998 zina damu, na mzazi anaogopa kumtia mtoto uchungu. Lakini someni mstari wa 7, ambao wengi huuruka. Katika mazungumzo yale yale Yakobo alitaja kifo cha Raheli safarini, na mahali alipomzika kando ya njia. Kati yetu wamo waliozika njiani, kabla hata ya kuvuka Ziwa Tanganyika.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
Mtoto wako anajua nini juu ya mahali ulipozaliwa?
Ni nani mliyemzika njiani, ambaye watoto hawajawahi kusikia jina lake?
Mtoto akisema kwao ni Nyarugusu, wewe humjibu nini?